Mmepoteza Nini Huko?

Kipupwe kilitukuta na sweta moja,
tukaivaa kwa zamu.
Saa kumi na moja na nusu Masasi haijafumbua macho,
miamba imesimama gizani
kama wageni waliofika usiku wa manane
wakaona haya kupiga hodi.

Nandonde, karani wa mizani pale ghalani,
alikuja na daftari: vilele vinne, mistari minne,
mbele ya kila mstari kisanduku kitupu.
Somoe alikuja na karanga.
Mimi nilikuja na goti.

Tulianza na Mtandi.
Jiwe limelala na baridi usiku kucha
na halitaki kuachana nayo;
ukilibandika kiganja
linakunyonya joto bila hata ahsante.
Tulipanda kwa vidole, kwa magoti, kwa jina la Mungu.
Juu, kusi ikatupekua mifuko.
Chini, ukungu umeujaza mji mpaka shingoni,
mabati machache yanaelea,
na mashine ya salfa inanguruma mikoroshoni
kama mtu anayekoroma nyumba ya pili.
Nandonde akatia tiki.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi hukosea:
milima yetu haijashikana mikono.
Kwingine, nasikia, mtu hupita mgongoni tu,
kilele hadi kilele, kama siafu juu ya kamba.
Huku kila jiwe limejitenga,
ndugu waliogombania shamba,
na ukilitaka la pili sharti ushuke mpaka chini kabisa,
upite uani kwa watu, uulize za kuamkia,
urefu wote ulioupata kwa jasho
uumwage kwenye mbaazi za mtu.

Mama mmoja alikuwa anapepeta ufuta.
"Mnatoka wapi?"
Juu.
"Na mnakwenda wapi?"
Tukanyoosha kidole. Juu.
Akasimamisha ungo.
"Kwani mmepoteza nini huko?"

Mkomaindo tuliupanda na swali hilo,
zito kuliko dumu la maji.
Kileleni pimbi walikuwa wanaota jua,
wakatukagua kama wakaguzi wa hesabu za ushirika.
Somoe alicheka mpaka karanga zikammwagika,
zikabingirika, zikaingia ufa mwembamba;
tukaziona zilipo, mkono haufiki.
"Haya," akasema, "sasa tumepoteza kitu."

La tatu daftari linaliita Jiwe la Tatu.
Wenye nyumba chini yake wana majina mawili
na kwa sababu hiyo hawasalimiani.
Hapo manyunyu yakashuka,
mwamba ukavaa utelezi,
na goti langu likasema neno lake moja.
Wakanivalisha sweta, ingawa haikuwa zamu yangu,
wakaingia kwenye ukungu.
Kwa muda nilizisikia kandambili za Somoe.
Kisha kikohozi cha Nandonde.
Kisha maji tu, yakitiririka juu ya jiwe.

Binti wa nyumba ya jirani, simjui jina,
alikuja na makaa kwenye kigae cha chungu,
akakiweka kati ya miguu yangu,
akaondoka kukoka moto wake.

Walirudi wamelowa, wakibishana.
Somoe ameona bluu kusini, anasema ni Msumbiji.
Nandonde anasema ni moshi.
Akafungua daftari atutilie tiki sote watatu.
Yangu, nikamwambia, iache wazi.
Akalitazama la nne, jeusi, linang'aa kwa maji.
Akalitazama goti.
Akachomeka kalamu sikioni.

Tulirudi kwa njia ileile.
Mama wa ufuta alituona tangu mbali.
"Mmekipata?"
Somoe akajipangusa mikono kwenye khanga.
"Tumekiona kilipo," akasema. "Mkono haufiki."
Mama hakucheka.
Akatusogezea ungo, tukachota,
ufuta una vumbi bado, tukautafuna hivyo hivyo.